Kaunti 47, Geti 47: Mbona Natembelea Ofisi za Serikali Badala ya Bichi

Swali ninaloulizwa zaidi kila nikiposti ni hili: "Buda, hiyo si ofisi ya kaunti? Unafanya nini hapo?" Jibu ni fupi. Natalii.

Kule Marekani kuna watu wazima, na akili zao timamu, ambao hobi yao ni kutembelea majengo ya mabunge ya majimbo yote 50. Wanapanga safari miaka na miaka, wanapiga picha kwenye ngazi, wanaweka tiki. Mengi ya majengo hayo huhitaji hata kulipa kiingilio. Mkoba unakaguliwa mlangoni halafu unajitembelea. Lile la Texas, mjini Austin, lilimalizika 1888 kwa mawe ya graniti mekundu, na kuba lake ni refu kuliko lile la Washington. Watu wa Texas hawachoki kukukumbusha. La Hawaii halina kuba kabisa, nguzo zake zimetengenezwa mfano wa minazi na kumbi zake mfano wa volkano. Nikikaa hapa Bura na bando langu la usiku nikitazama video hizo, hesabu ikanijia yenyewe: wao wana 50, sisi tuna 47. Tumeachwa na tatu tu! Mbona hakuna mtu anayefanya hii kitu kwetu?

Nikaanza. Sina gari, natumia basi, matatu na nduthi, kwa hivyo siwezi kujisifu kwamba niko mbali. Lakini nimezunguka vya kutosha kuona kwamba majengo haya yanajua historia kuliko vitabu vingi tulivyosoma shule. Na nianze kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kwenye mambo.

Kwanza tuelewane, Bura ni ngapi? Kuna Bura ya Taita, ile ya misheni. Kuna Bura ya Garissa, upande wa pili wa mto. Halafu kuna sisi, Bura ya Tana River, watu wa skimu, mifereji na jua lisilo na huruma. Skimu yetu ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa pesa za serikali na Benki ya Dunia, na watu wakaletwa kutoka kona nyingi za Kenya kuja kulima pamba. Ndio maana hapa ukisimama sokoni dakika kumi unasikia Kiorma, Kipokomo, Kisomali, Kikamba, Kikuyu na Kiswahili cha kila aina. Tuko na eneo bunge letu, Bura, pamoja na Galole na Garsen. Maeneo bunge matatu, kaunti moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943, kwenye ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Yaani sisi ni wachache tuliotawanyika kwenye nchi kubwa kuliko mataifa mengine huko nje. Kwa hivyo swali la ofisi kuu iko wapi kwetu ni nauli. Ni siku nzima. Mvua ikija, ni kama kuna barabara au hakuna.

Ofisi yetu kuu iko Hola.

Hola ni mji mdogo. Ukishuka kwenye gari unaona benki, miti, maduka, nduthi zimepangana, na ofisi za kaunti. Ukimtembeza mgeni, safari inaisha haraka. Lakini jiulize: kwa nini Hola? Kwa nini makao makuu ya kaunti yawekwe pale na si Garsen kwenye njia panda ya Lamu, au hata hapa Bura? Jibu linatoka kwenye jela.

Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilikuwa inawafungia Wamau Mau kwenye kambi nchi nzima. Hola ilikuwa ya wale waliokataa kabisa, wale ambao wakubwa waliwaita sugu. Ilichaguliwa kwa sababu iko mbali na kila kitu: joto, mbu, mto wenye mamba, na hakuna jamaa yako atakayefika kukuona. Wafungwa walitakiwa kuchimba mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959, wale wa kambi iliyofungwa waliokuwa wamegoma kufanya kazi walipelekwa shambani kwa nguvu, chini ya mpango ulioandikwa na kupitishwa ofisini, na askari wakaanza kuwapiga marungu. Watu 11 walikufa. Makumi wengine walibaki na majeraha ya maisha.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa miili ndio ulioumbua uongo huo, na mwezi wa Julai mwaka huohuo Hola ikajadiliwa usiku kucha kwenye bunge la Uingereza. Mmoja wa waliochoma serikali zaidi alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, mtu ambaye baadaye alijulikana kwa chuki yake kwa wahamiaji. Hata yeye alisema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwenu na kingine Afrika. Wanahistoria wengi wanaitaja Hola kama moja ya vitu vilivyowafanya Waingereza waone kwamba Kenya haishikiki tena. Miaka minne na kitu baadaye tulikuwa huru.

Jina likawa aibu. Kwa muda mahali pale paliitwa Galole, na skimu nayo ikaitwa Galole, na mpaka leo eneo bunge linabeba jina hilo. Lakini watu walirudi kusema Hola. Kuna makaburi ya wale 11, kuna ukumbusho wao, kuna shule ya upili yenye jina la Mau Mau. Na mwaka 2013, tarehe 6 Juni, serikali ya Uingereza ilisimama bungeni London ikaeleza majuto yake kwa mateso ya kambi zile na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Angalia mwaka huo. 2013 ndio mwaka uleule ambao kaunti zilianza. Kwa hivyo mwaka mmoja, mji mmoja: huku watu wanalipwa fidia ya mateso ya kambi kama ile ya Hola, huku gavana wa kwanza wa Tana River anatafuta mahali pa kuweka meza mjini Hola.

Na nisemaposema kutafuta meza, simaanishi mafumbo. Kaunti nyingi zilirithi majengo: ofisi za mkoa, ofisi za manispaa, mijengo ya mawe ya mkoloni yenye veranda. Kaunti tano zilionekana hazikurithi kitu cha maana, na serikali kuu ikakubali kuzisaidia kujenga, yenyewe itoe asilimia 70 na kaunti 30. Hizo tano ni Isiolo, Lamu, Nyandarua, Tharaka Nithi, na, umekisia, Tana River. Soma hiyo orodha tena polepole. Nusu karne ya uhuru, na ukitaka kujua serikali ilikuwa haifiki wapi, angalia tu wapi haikuwa imejenga nyumba yake mwenyewe.

Kuna watu kwenye komenti huwa wananiambia jengo si muhimu, tujengewe hospitali kwanza. Nawaelewa. Nimeona mama mjamzito akisafirishwa kwa nduthi. Lakini hoja hiyo ina shimo. Serikali isiyo na nyumba inakodi, na kukodi kunalipwa kila mwezi na hakuna anayejua mwenye nyumba ni binamu ya nani. Faili zinahama na mtu. Halafu unaambiwa rudi kesho, faili yako iko ofisi ile nyingine. Mimi nataka hospitali na pia nataka faili ikae mahali pamoja.

Haya, twende chini na mto.

Kabla ya Hola, boma la wilaya ya Tana River lilikuwa Kipini. Nikiwaambia vijana wa Bura hivyo wanacheka, kwa sababu Kipini iko mwisho kabisa wa dunia yetu, pale mto unapoingia baharini. Ukitoka Garsen unachukua njia ya Lamu, halafu unakata kuelekea pwani, mchanga, minazi, na ghafla bahari. Kwa mtoto wa skimu aliyezoea mathenge na vumbi, ile bahari ni kama mtu amekuchapa kofi la baridi.

Sasa, Kipini si kijiji cha hivihivi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa chini wakagawana Afrika Mashariki kwenye karatasi, na wakakubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar abakishiwe ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara. Ukanda huo ulianzia kusini huko Ruvuma na kuishia kaskazini... Kipini. Yaani pale unaponunua samaki ndipo dola ya Zanzibar ilipokatwa kwa rula, ukitoa miji michache ya kaskazini aliyoachiwa kama Lamu. Na ukanda ule, kwa upande wa Kenya, ulibaki kisheria wa Sultani mpaka 1963. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus miaka yote hiyo, Mwingereza akitawala kwa kulipa kodi ya kila mwaka. Makubaliano ya kuukabidhi ukanda kwa Kenya yalitiwa saini Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Mtu akikuambia historia ya Tana River haina kitu, mpeleke Kipini.

Hata mto wenyewe pale una siasa zake. Mdomo wa zamani wa Tana uko kusini zaidi. Karne ya 19 ulichimbwa mfereji, Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili mashua zipite na mashamba yapate maji. Mto ukaupenda mfereji kuliko njia yake. Ukahamia. Kipini ikapata Tana nzima mlangoni. (Tana na tabia hiyo ya kuhama haijaiacha. Mwaka 1989 ulihama ukaacha skimu ya Hola bila maji, na kilimo kikafa pale kwa miaka mingi. Sisi watu wa mto huwa hatuuamini mto.)

Nyumba ya DC ya Kipini ndiyo niliyoifuata. Nilimsalimia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akishona wavu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umetoka wapi?" Nikamwambia Bura. Akauliza, Bura kwa skimu? Nikasema ndio. Akatikisa kichwa akasema, "Zamani nyinyi ndio mlikuwa mnakuja huku kwa serikali. Sasa sisi ndio tunakuja huko." Na kweli. Mtu wa Kipini leo akitaka ofisi ya gavana anapita Garsen na kupanda mpaka Hola. Wakati wa mkoloni, mtu wa juu ya mto alikuwa anateremka. Ofisi ilihama, na mzigo wa nauli ukahamia bega lingine. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuuliza upande wowote.

Karibu na hapo, ndani kidogo, kuna Witu, ambayo sasa iko kaunti ya Lamu. Hii ndiyo ofisi kuu ninayoipenda kuliko zote, na haipo. Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alikimbilia pale msituni akaanzisha mji wake baada ya kushindana na Zanzibar. Waliomfuata walikuwa watu waliokimbia: watumwa waliotoroka, watu wenye madeni, watu waliochoka na masultani wengine. Mwaka 1885, ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakamletea mkataba, na Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Miaka mitano baadaye, Julai 1890, Ujerumani ikamwachia Mwingereza Witu na kuitambua mamlaka yake juu ya Zanzibar, na katika mkataba huohuo ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland kwenye Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu waliamka wakiwa wa mtu mwingine. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa, wakiwa na bwana mmoja Küntzel, wakauawa pale baada ya ugomvi na watu wa Sultani Fumo Bakari. Oktoba manowari za Kiingereza zikateremsha wanajeshi, wakapanda mpaka mjini na kuuchoma.

Nilisimama Witu nikitafuta kitu cha kupiga picha. Kuna barabara, shule, ofisi za kawaida, embe. Nikapiga picha ya embe. Ile posti ilipata likes chache kuliko zote na mimi bado naiona ndiyo bora.

Tukirudi kwa serikali zetu za uhuru, kuna kitu hatukufundishwa vizuri darasani. Kenya ilishawahi kuwa na mabunge ya majimbo, karibu kama ya wale Wamarekani. Katiba ya 1963 ilikuwa ya Majimbo: mikoa saba, kila mmoja na bunge lake, tukiacha kando Nairobi. Mkoa wa Pwani uliongozwa na Ronald Ngala wa KADU, kama rais wa bunge la mkoa. Hebu fikiria, rais, wa Pwani, ofisi Mombasa. Kulikuwa na Seneti pia, maseneta 41. Haikudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, jamhuri ikaja Desemba 12, mikoa ikanyang'anywa meno, na Seneti ikaunganishwa na bunge mwisho wa 1966. Kilichobaki ni PC na DC wanaotumwa kutoka Nairobi na kofia zao. Tulisubiri mpaka Katiba ya 27 Agosti 2010, na uchaguzi wa Machi 2013, kupata tena kitu cha kufanana.

Na angalia sisi Bura tulikuwa wapi kwenye hiyo hesabu. Wilaya ya Tana River iliwekwa Mkoa wa Pwani. Makao makuu ya mkoa: Mombasa. Sasa toka Bura twende Garissa ni safari fupi tu ya kaskazini, na Garissa yenyewe ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Unaweza kunywa chai Bura na kula chakula cha mchana Garissa. Lakini karatasi yako ilikuwa Mombasa, siku nzima kwenye basi, kwa sababu mtu alichora mstari kwenye mto. Wazazi wetu walilipa hizo nauli. Sisi tunalalamika Hola ni mbali, na ni sawa kulalamika, lakini muulize mamako kuhusu Mombasa.

Mombasa nimeizunguka sana kwa sababu hiyo. Ilikuwa mji mkuu wa himaya yote ya Mwingereza Afrika Mashariki kabla Nairobi haijapewa kiti hicho mwaka 1905. Kila mtu anajua Fort Jesus: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, halafu Mwingereza akaigeuza jela kuanzia 1895. Ngome, ikulu, jela, makumbusho, kuta zilezile. Lakini mkifika hapo msikimbilie tu ngome. Vukeni barabara mwangalie mahakama ya zamani ya 1902. Ile ndiyo serikali kwa mtu wa kawaida: jengo dogo, dari juu, mlango wa mbele, na hukumu.

Makao makuu ya kwanza ya Mwingereza huko bara yalikuwa Machakos, si Nairobi. Yalihama 1899 reli ilipofika Nairobi. Watu wa Machakos wana haki ya kununa.

Kuhusu kaunti nyingine za kwetu Pwani, nitapita haraka kwa sababu ni vichekesho zaidi ya historia. Taita Taveta, gavana Mwatate, bunge Wundanyi juu mlimani. Kilifi, ofisi Kilifi lakini kwa miaka ya kwanza bunge likakaa Malindi. Na msidhani ni sisi tu: Laikipia wamevutana kati ya Rumuruti na Nanyuki, na Nyandarua kwa miaka mingi waliendesha wilaya yao kutoka Nyahururu, mji ambao uko kaunti ya wenyewe. Kila mahali ni hadithi moja: mkoloni aliweka boma mahali penye baridi ama penye maji, sisi tukarithi ugomvi.

Nairobi inahitaji posti yake, lakini niwape vitu viwili. KICC mnaijua, ule mnara wa orofa 28 uliochorwa na Karl Henrik Nøstvik akifanya kazi na David Mutiso. Wengi hawajui kwamba wazo la kwanza lilikuwa makao makuu ya chama, KANU. Ulifunguliwa 1973 ukawa wa mikutano, na baada ya 2013 Seneti iliyofufuka ikakalia ukumbi mle ndani kwa muda. Chama kilijijengea mnara, ukaishia kuhifadhi maseneta wa kaunti. Mimi huwa nacheka peke yangu.

Cha pili ni jengo dogo la mawe pale karibu na Nyayo House, lina kuba katikati, la 1913. Leo ni Nairobi Gallery, na ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili. Zamani ndipo walipoandikisha vizazi, ndoa na vifo, na wazungu wakalipa jina la utani kwa mambo hayo matatu. Kuzaliwa, kuoa, kufa, dirisha moja. Nilikaa pale nikafikiria cheti changu cha kuzaliwa, ambacho kilichukua muda mrefu kupatikana kuliko mimi nilivyochukua kuzaliwa.

Bunge lenyewe, lenye ule mnara wa saa uliochorwa na Amyas Connell miaka ya 1950, sina haja ya kuwaeleza. Wengi wenu mlikuwa pale nje, au mlikuwa kwenye simu mkiangalia, Juni 25, 2024. Vijana wa rika letu waliingia ndani, sehemu ya jengo ikawaka moto, na wengine hawakurudi nyumbani. Nimeona watu wakibishana kama ilikuwa uvamizi. Nina swali tofauti. Kati ya wote walioingia siku ile, ni wangapi walikuwa wamewahi kuingia kabla, kwa mlango, wakakaa juu kwenye viti vya wageni wakasikiliza mswada ukisomwa? Kwa wengi nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Hilo linanisumbua zaidi ya vioo.

Kwa sababu sheria iko wazi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinasema Bunge lifanye kazi yake wazi na vikao viwe vya umma. Kifungu cha 196 kinasema hivyohivyo kwa mabunge ya kaunti, pamoja na kamati zake, na mwananchi hawezi kufungiwa nje ila spika aone kuna sababu ya kipekee. Hiyo ndiyo tiketi yangu. Nimeiweka kwenye simu kama picha.

Na bado. Kuna ofisi moja ya kaunti, sitaitaja, ambapo nilifika saa tatu asubuhi nimevaa vizuri, shati limepigwa pasi. Soja wa geti akaniuliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu, nataka kusikiliza kikao cha bunge. Akaniangalia kama nimeomba kuona chumba cha kulala cha mke wake. "Umetumwa na nani?" Sijatumwa. "Wewe ni wa vyombo vya habari?" Hapana. "Sasa unataka nini?" Nikamwonyesha Kifungu cha 196. Akasoma, tena kwa makini, nampa heshima yake. Akanirudishia simu akasema, "Kijana, hii ni ya Nairobi."

Nilicheka, na bado nacheka nikikumbuka, lakini pale ndipo mambo yote yalipo. Yule mzee hakuwa mbaya. Kwenye kichwa chake, serikali ni kitu kinachokuita. Hukiendei. Ukikiendea bila kuitwa, wewe ni mwizi, mwandishi wa habari, ama una kesi. Na ukifikiria boma lilivyokuwa kwa babu zetu, alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Mtu wa Hola aliona serikali ikifika na waya wa seng'enge. Mtu wa Witu aliiona ikifika na manowari. Kwetu Tana Delta, 2012 na mapema 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa kwenye mapigano ya Wapokomo na Waorma, vijiji vikachomwa, na serikali ikafika baada ya moshi. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya kaunti kuanza. Watu wale wale waliozikana ndio waliotumwa mwaka huo kukaa ukumbi mmoja Hola na kugawana bajeti moja. Mnielewe basi ninaposema ule ukumbi si jengo tu kwangu. Nataka Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mmunyoyaya wakae kwenye benchi moja la wageni wakiangalia MCA wao anavyopiga kura kuhusu maji. Wakigombana, wagombane pale, kiyoyozi kikivuma na mtu akiandika.

Zanzibar bado sijafika, na nauma vidole kwa sababu ya Beit-al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga 1883, ikawa na umeme na lifti. Agosti 27, 1896 Mwingereza akaipiga mizinga pamoja na majumba ya jirani, vita vilivyoisha kabla ya saa moja kuisha, na jumba likabaki limesimama. Halafu Krismasi ya 2020 sehemu yake ikaanguka yenyewe, kwa uzee na kutotunzwa. Watalii wengi niliowaona mtandaoni walihuzunika kwa picha walizokosa. Mimi naomba ijengwe upya kabla sijapata nauli.

Kama unataka kuanza hobi hii, haigharimu. Anza na kaunti yako. Nenda siku ya kikao, Jumanne mpaka Alhamisi mara nyingi ndio utawapata, lakini ulizia kwanza ofisi ya karani wa bunge. Beba kitambulisho. Usipige picha za askari. Uliza vitu vitatu: bendera iko wapi, benchi la wageni liko wapi, na kabla ya ofisi kuwa hapa ilikuwa wapi. Hilo la tatu ndilo litakupa hadithi, na hutalipata kwa ofisa yeyote. Mtafute mzee anayeuza miraa nje ya geti.

Safari yangu inayofuata ni Mwatate na Wundanyi kwa siku moja kama mvua itaruhusu barabara ya Garsen, halafu nikipata pesa ya basi, Kapenguria, ambapo mwaka 1952 mkoloni alipeleka kesi ya Kenyatta na wenzake watano kwa sababu ileile aliyoichagulia Hola: mbali. Kama uko upande huo na unajua geti linalofunguka, niandikie.

Ah, na watu wa Hola: nakuja Jumatano. Msiniulize nimetumwa na nani.